Mchezo Bila Karatasi

Sisi tuliokulia Butembo, mashariki mwa Kongo, miaka ya 1960 na 1970 tulijua michezo ya kuigiza ya namna mbili. Ya kwanza ilikuwa ya misheni. Pasaka tuliigiza Mateso, Noeli tuliigiza Herode na Mamajusi, na kila neno lilikuwa limeandikwa tayari, ama kwa Kifaransa ama kwa Kinande, kwenye karatasi zilizopita mkono kwa mkono mpaka zikachakaa. Ya pili ilikuwa ya chama tawala. Wa rika langu hawahitaji kuelezwa animasyo ilikuwa nini: shule nzima inapangwa uwanjani, tunaimba na kucheza kumsifu Rais Mobutu, na wakubwa waliovaa suti za abakosti wamekaa kivulini wakipiga makofi. Huko nako maneno yalitoka juu. Kazi ya mchezaji ilikuwa kurudisha alichopewa bila kupunguza wala kuongeza.

Walionichekesha hasa hawakuwa wa kwetu. Baba alikuwa na redio ya mawimbi mafupi, na usiku, mvua ikitulia, tulinasa Dar es Salaam na Nairobi. Kutoka Dar tuliwapata Pwagu na Pwaguzi. Kutoka Nairobi tulimpata mchekeshaji Kipanga. Kiswahili chao kilikuwa kizito kuliko chetu, kwa hiyo tulicheka kwanza, kisha tukaulizana tumecheka nini. Haikunijia kichwani kwamba nchi yetu nayo ilikuwa na mtu wa aina hiyo, anayechekesha kwa Kiswahili cha mitaani mwetu, ila tu alikuwa mbali sana nasi.

Mwaka 1981 nilipata nafasi Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Ndiyo kwanza UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa zima kilichoundwa mwaka 1971, ilikuwa imevunjwa, na kampasi zake tatu zimekuwa vyuo vikuu vinavyojitegemea. Nilipanda lori la maharagwe hadi Goma, kwa njia ya Lubero, Kanyabayonga na Rutshuru. Goma nikapanda meli ya Ziwa Kivu hadi Bukavu, nikateremka hadi Uvira, nikafuata Ziwa Tanganyika kwa meli nyingine hadi Kalemie. Kutoka hapo ni treni: Kabalo, Kamina, halafu nyanda zisizokwisha, mpaka moshi wa kiwanda cha shaba ukaonekana. Mtoto wa milimani, aliyezoea kuona kilima kila akiinua macho, nilifika nchi tambarare nikahisi kama nimevuliwa nguo.

Kampasi ya Kasapa ilikuwa imejaa. Nilipanga chumba katika mtaa wa Kenya, ambao hauhusiani na nchi ya Kenya isipokuwa kwa jina. Mwenye nyumba alikuwa mstaafu wa kampuni ya migodi, Gécamines, mzee mwenye kikohozi na heshima kubwa, na alikuwa na televisheni. Jioni zenye mchezo aliigeuza ielekee dirishani, watoto wakakaa chini uani, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye makreti ya bia, na jirani aliyechelewa akasimama nyuma ya ukuta. Ndipo nilipomwona Mufwankolo.

Jina lake la kuzaliwa ni Odilon Kyembe Kaswili, lakini kwa jina hilo mtaani asingejulikana. Mufwankolo lilikuwa jina la mchezaji, jina la kundi lake, na kwa watu wengi lilikuwa jina la kitu chenyewe: ukisema unakwenda kuona mufwankolo, umesema unakwenda kuona teatre. Alianza mji ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, miaka ya mwisho ya Wabelgiji, akisikika redioni. Ukaja uhuru, jimbo la Katanga likajitenga, likarudishwa. Mji ukabadilishwa jina ukawa Lubumbashi mwaka 1966, nchi ikawa Zaire mwaka 1971, na jimbo likaitwa Shaba. Bendera na noti zilibadilika, na majina ya watu pia. Yeye alibaki kwenye kazi yake. Televisheni ilipofika, alihamia nayo, bila kuiacha redio wala jukwaa.

Mtu wa namna yake huko Uingereza, mwigizaji wa televisheni ambaye pia ni mwongozaji wa jukwaa, mara nyingi amepita chuo kama RADA cha London, kilichofunguliwa mwaka 1904. Ana wakala wa kumtafutia kazi na chama cha kumtetea, na jina lake huchapwa kwenye karatasi ya mchezo. Ukitaka kuandika maisha yake unafuata orodha: mwaka fulani alicheza hiki, mwaka fulani aliongoza kile. Mufwankolo na wenzake walikuwa watu wenye kazi nyingine za mchana, waliokutana jioni. Orodha waliyokuwa nayo ni watazamaji. Uani kwetu kulikuwa na akina mama walioweza kukueleza mchezo wa miaka kumi iliyopita, nani alimfumania nani, na shemeji aliingia akiwa amevaa nini.

Walichocheza kilikuwa maisha ya mtaa ule ule. Mshahara uliokwisha kabla ya mwezi. Ndugu wa kijijini aliyekuja kusalimia akakaa mwaka. Mahari, mke wa pili, mganga, mlevi anayerudi usiku na hoja nyingi. Kiswahili chao kilikuwa cha mgodini na sokoni, kimepokea Kifaransa na Kiluba bila aibu. Maprofesa wetu wengine walikidharau. Wengine walikiandikia vitabu: mwaka ule ule niliofika, Mwaustria Walter Schicho na Mbayabo Ndala walikuwa wametoa kitabu kizima juu ya kundi hilo. Nilishangaa. Asubuhi tulikuwa tunachambua Molière, kila mstari na sababu yake, na jioni nacheka hadi machozi mbele ya watu ambao, niliambiwa, hawakuwa na hata mstari mmoja ulioandikwa.

Hilo ndilo sikuliamini. Mpwa wa mwenye nyumba wangu alikuwa katika kikundi kidogo cha mtaani, kimojawapo cha vile vingi vilivyomwiga Mufwankolo, naye akanichukua niende kuona mazoezi. Uwanja wa nyumba, mwembe, dumu la kinywaji cha munkoyo. Mkubwa wa kikundi alisimulia kisa kwa maneno machache: mtu amepandishwa cheo kazini, anaanza kuwadharau jirani zake, mwisho anafukuzwa kazi. Akagawa watu. Wewe ni yeye, wewe mke wake, wewe jirani. Kisha akawaambia waingie.

Kijana aliyepewa kucheza mke wa bwana mkubwa alikauka. Alisimama katikati ya uwanja akitafuta maneno mazuri. Mkubwa hakumpa neno hata moja. Alimwuliza tu: "Mama yako, papa akirudi na mfuko mutupu, anasemaka nini?" Kijana akacheka, akafikiri, akaweka mkono kiunoni, akasema alichosema mama yake. Uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, na mchezo ukaanza kutembea.

Baadaye niliona kwamba mkubwa yule alisema mengi sana, ila hayakuwa maneno ya kuigiza. Usimfunike mwenzako. Ukikasirika, usigeukie ukuta, watu wakuone uso. Umesema jambo hilo tayari, usilirudie. Wewe jirani, unatoka mapema mno, tunakuhitaji usikie. Alishika mwanzo, mwisho, na njia kati yake. Maneno aliwaachia wenyewe. Na kwa kuwa kila mmoja alisema kwa ulimi wake, mazoezi ya kesho hayakufanana na ya leo. Lililochekesha lilibaki na lililolegea likaanguka lenyewe. Kufikia siku ya kuonyesha, mchezo ulikuwa umekaza kama ulioandikwa, lakini mtu akikosea hakuna aliyejua, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kukosea.

Mwaka 1986, mwaka wangu wa mwisho, kundi la Mufwankolo lilitengeneza mchezo ambao leo ndio unaojulikana zaidi nje ya nchi. Jina lake lilikuwa la Kifaransa, *Le pouvoir se mange entier*, yaani madaraka huliwa mazima. Chanzo chake tulikisoma baadaye. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyefundisha Lubumbashi kati ya 1972 na 1974, alikuwa amerudi kutembea. Mezani akapewa firigisi ya kuku, na alipotaka kugawana na wenzake akaambiwa msemo huo: madaraka hayagawanywi. Akaenda kuwauliza watu wa Mufwankolo maana yake. Badala ya kumjibu kwa maelezo, wakaamua kuucheza. Wakafanya mazoezi, wakatoka na mitambo ya televisheni hadi kijiji cha Kawama, nje kidogo ya mji, wakapiga picha humo humo, wanakijiji wakiwa watu wa mchezo. Ulionyeshwa katika siku za sherehe za uhuru.

Nauona bado ule uwanja wetu usiku huo. Kisa ni cha chifu na kijiji chake. Wapo wanaoona kwamba hana zaidi yao. Neno linapita, heshima inavunjika, kila mtu anajiamulia, kijiji kinaharibika. Mwishoni chifu anasimama tena kwenye nafasi yake. Mtu angesema ni mchezo wa kumfurahisha mkubwa: ona, bila chifu ni fujo. Wazee uani walitikisa kichwa kwa kuridhika. Mwenye nyumba wangu alisema, "Iko haki. Kiti ni kimoja." Lakini mwanafunzi mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango akauliza polepole, "Na kama chifu ndiye anakula kuku nzima?" Hakuna aliyemjibu. Watu walitazamana, mama mmoja akaanza kukusanya watoto, mzee akazima televisheni ingawa taarifa ya habari ilikuwa haijaanza. Nje ya ukuta kulikuwa na masikio, na sote tulilijua hilo.

Nimeufikiria mchezo ule mara nyingi tangu wakati huo. Kilichosemwa jukwaani ni kwamba madaraka hayagawanywi. Namna ulivyotengenezwa ilisema kinyume: mwongozaji aliyekuwa na jina kuliko wote aligawa kitu ambacho waongozaji wengi hukishikilia, yaani maneno, na mchezo haukuharibika. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kwenye kioo kimoja, na sijui kama kuna somo la siasa nililopata chuoni lililonifunza zaidi.

Nilirudi Butembo kufundisha Kifaransa shule ya sekondari. Mji ulikuwa unakua kwa nguvu zake wenyewe. Umeme wa SNEL, shirika la taifa, haukuwepo. Mwenye fedha aliwasha jenereta, mwingine koroboi. Kahawa ilishuka kutoka vilimani, sehemu yake ikapita Kasindi usiku kuingia Uganda, na malori yakarudi na vitambaa, sabuni na baiskeli. Wafanyabiashara wetu walijenga, walitengeneza barabara, wakiwa bado hawajui serikali inawafanyia nini. Mshahara wa mwalimu haukutosha kununulia gunia la mihogo. Kitu pekee ambacho hakikuhitaji fedha kilikuwa teatre.

Niliwaita wanafunzi wa darasa la tano na la sita baada ya masomo. Swali lao la kwanza lilikuwa, "Mwalimu, karatasi iko wapi?" Nilipowaambia haipo, wakadhani natania. Walikuwa wamelelewa kwa animasyo na kwa Mamajusi. Mchezo usio na karatasi kwao ulikuwa kama mtihani usio na swali. Tulichagua kisa ambacho kila mtoto wa Butembo alikijua tumboni: mkulima ameleta kahawa, mnunuzi anapima, uzito unapungua njiani kati ya gunia na daftari. Binti mmoja kutoka upande wa Kyondo alicheza mkulima. Mvulana mwembamba, mtoto wa muuza mboga, alicheza mnunuzi. Nilimwuliza nilichosikia chini ya mwembe: mnunuzi anasema nini kwenu? Akanyanyua kidevu, akasema, "Mama, kahawa yako inalia maji." Kila mtu alijua mtu anayesema hivyo.

Tulionyesha kwenye ukumbi wa parokia, pazia likiwa vitenge viwili vilivyoshonwa pamoja na taa ya presha ikining'inia juu. Mvulana yule alikuwa na mzani wa kuning'iniza wa kweli, tulioazima, na gunia lililojaa pumba. Akapima, na kwa ujanja akainua gunia kidogo kwa goti ili sindano irudi nyuma. Watu wakacheka. Hapo katikati ya ukumbi akasimama mama wa makamo, kitenge cha kijani, na kusema kwa sauti, "Hapana! Si vile wanafanyaka!" Akapita kati ya mabenchi, akapanda jukwaani, akamnyang'anya mvulana mzani. "Goti mutu anaona," akasema. "Wao wanatia kidole hapa." Akaonyesha: kidole gumba chini ya ndoano, mkono mwingine ukishika gunia kama kwa wema, na uso mzima ukimtazama mwenye kahawa machoni ili mwenye kahawa asitazame chini.

Nilikuwa nyuma ya pazia na moyo ulisimama. Mvulana hakushtuka. Alirudi nyuma hatua moja, akiwa bado mnunuzi, akamwambia, "Mama, wewe uko mukulima ao uko mununuzi mwenzangu?" Ukumbi ukalipuka. Mama akajibu, naye akajibiwa, na kwa muda mrefu jukwaa likawa la watu wawili ambao hawakuwahi kufanya mazoezi pamoja. Karatasi ingekuwepo, mama yule angekaa chini, au angetolewa nje.

Habari ilienea, nami nikaitwa. Bwana mmoja wa chama alitaka nimpelekee maandishi ya mchezo ili ayasome na kuyapiga mhuri kabla hatujaonyesha tena. Nilimwambia hayapo. Alifikiri namficha. Tulikaa ofisini mwake muda mrefu, yeye akirudia kwamba hakuna mchezo usio na maandishi, mimi nikirudia kwamba upo na watu mia kadhaa wameuona. Mwisho akanipa karatasi niandike papo hapo. Niliandika: mkulima na mnunuzi wanazungumza juu ya bei ya kahawa. Akasoma, akaridhika, akapiga mhuri. Karatasi ile ilitufikisha mbali. Tuliionyesha kila tulipoulizwa, na kila mara tuliyoyasema jukwaani yalikuwa mengine.

Tuliipeleka mpaka Beni, kilomita hamsini na kitu kaskazini, tukiwa juu ya mbao za lori. Beni haikuwa Butembo. Butembo ukumbi mzima ulielewa Kinande, na mchezaji akikosa neno alikimbilia huko. Beni kulikuwa na watu wa Bunia, Watalinga, wafanyabiashara waliotoka mbali, askari wa kambini. Ilibidi tucheze kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Vijana waliongeza kipande cha kizuizi cha barabarani, mkulima anasimamishwa na askari anayetafuta kosa. Askari kadhaa walikuwa wamekaa mstari wa nyuma. Mchezaji alimwomba mkulima kitambulisho, akakisoma kimegeuzwa juu chini, akasema hakijakamilika. Wa kwanza kucheka alikuwa mmoja wa wale askari. Alicheka kwa nguvu kiasi kwamba wenzake walimgeukia, kisha nao wakacheka, na baada yao ndipo raia walipojiruhusu.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na kwa muda tulidhani teatre itakuwa kubwa kuliko zamani. Ilikuwa kinyume. Watu walikuwa na mengi ya kusema, lakini serikali iliacha kabisa kuwalipa walimu, na wanafunzi wangu hodari walikwenda Kampala, wengine Dubai, kutafuta mali. Vita ya 1996 ilipita mjini mwetu, halafu ya 1998. Beni ikawa makao ya waasi wenye ofisi na mihuri yao. Video nazo ziliingia, kwanza Kinshasa na teatre yake ya Kilingala, kisha filamu za Nigeria. Kikundi kilikufa bila mtu kutangaza kwamba kimekufa.

Niliona kazi ya teatre tena nikiwa mzee. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa upande wetu, ikianzia Mangina, karibu na Beni. Ilidumu hadi tarehe 25 Juni 2020, na kabla haijakwisha ilikuwa imewapata watu 3,470 na kuua 2,287. Magari meupe ya mashirika ya misaada yalijaa barabara ambazo hayakuwahi kuzipita. Lakini tangu Oktoba 2014 watu walikuwa wanachinjwa vijijini kuzunguka Beni, na hakuna aliyewaletea magari kama yale. Watu wakasema ugonjwa ni biashara. Mwezi Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mwezi Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa kwenye kliniki ya Chuo Kikuu cha Graben, hapa mjini. Mabango yalibandikwa kila mahali yakisema Ebola ipo. Yalipachikwa asubuhi, jioni yamechanwa.

Yule binti wa Kyondo, ambaye sasa ni mama mwenye wajukuu, alikusanya vijana wachekeshaji wakawa wanacheza sokoni na kwenye vituo vya pikipiki. Nilikwenda kumtazama. Kijana mmoja alicheza daktari, mwingine mgonjwa anayekataa kwenda hospitali. Hawajafika mbali, mtu mmoja juu ya pikipiki akapaza sauti kwamba hao wote wamekula dola. Nilitazama mwongozaji atafanya nini. Hakufanya kitu, alikunja mikono. Kijana aliyevaa koti jeupe akamgeukia mtu yule, akasema, "Papa, dola zikikuja kwako, utalipa nini ya kwanza?" Mtu akajibu bila kufikiri: askari, walinde Beni. Watu wakapiga makofi, na wengine wakaongeza yao: barabara, maji, kuzika wafu wetu kwa mikono yetu. Daktari wa uongo akayapokea yote, akakubali kwamba ni kweli, halafu akauliza ni nani kati yao aliyemgusa maiti wiki ile. Wakanyamaza kwanza, wakaanza kuongea. Sitasema kwamba mchezo ule uliponya mtu. Nasema tu kwamba ulikaa pale zaidi ya bango.

Na Beni waliigiza mchezo mkubwa kuliko wetu wote, bila mwongozaji. Uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo hadi Machi, kwa sababu zilizotajwa kuwa Ebola na usalama, huku rais akichaguliwa Desemba ile ile bila sisi, watu wa Beni walitengeneza vituo vyao vya kupigia kura. Walipanga mistari, wakanawa mikono, wakapiga kura kwa karatasi zao wenyewe, wakahesabu. Kura hazikuhesabiwa popote pengine. Lakini walioona mistari ile waliona kwamba watu waliweza kusimama kwa utaratibu, huku wakinawa, ingawa waliambiwa hawawezi.

Fabian alichapisha kitabu chake juu ya mchezo wa Kawama mwaka 1990. Faida yake kubwa kwangu si maelezo ya kitaaluma. Ni kwamba aliandika mazoezi: nani alisema nini kabla ya kamera, nini kikatupwa, nini kikabaki, kwa Kiswahili chao chenyewe. Kwa hiyo mtu asiyemwona Mufwankolo anaweza leo kuona jinsi kundi zima lilivyotunga mchezo kwa vinywa vyao. Michezo yetu ya Butembo na Beni haikupata mtu wa kuiandika. Yule mama wa mzani, simjui jina hata leo, na alichofanya jukwaani kimebaki kwa wachache tuliokuwepo.

Vijana wa sasa wana simu mfukoni, na huninasia vipande vya kuchekesha vya dakika mbili ambavyo wameshavisafisha. Wakiniuliza ushauri, huwaambia wanase pia mazoezi ya kabla: ubishi, maneno yaliyokosewa, mtu wa pembeni aliyeingilia na akajibiwa. Wengi hufuta sehemu hiyo kwanza. Hapo ndipo kazi ilipo, na hapo ndipo mwongozaji ataonekana kama alijua kugawa au hakujua.